Njia ya kimya kwenda bwawani: kisa cha safari ya baiskeli kutoka Moshi hadi Nyumba ya Mungu

Kuhusu kisa hiki

Majina ya watu, la kikundi na la kijiji walichofikia nimeyaondoa, na wahusika nimewaita kwa kazi zao au nafasi zao safarini. Mimi sikuwemo. Huwa naongoza safari za baiskeli hapa Moshi, na siku tisa baada ya tukio kikundi kiliniita tukae tuipitie safari yote, saa kwa saa. Tulikaa jioni mbili, simu zao zikiwa mezani, kwa sababu kila picha hutunza saa iliyopigwa, na hiyo ilitupunguzia mabishano mengi. Wamesoma niliyoyaandika na kuyaridhia, hata pale panapowauma. Nayaandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kuiacha barabara kuu na kuwapeleka wenzake penye maji na ukimya.

Kikundi na njia yao

Walikuwa sita. Kiongozi ni mwalimu wa sekondari. Mzee ni mstaafu wa miaka 61 aliyeendesha baiskeli maisha yake yote, kwenda shamba na kwenda kazini. Kulikuwa na Nesi, na Fundi, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli, na Mwanafunzi wa chuo, na Mgeni, dada mwenye pumzi nzuri ya kukimbia ila hakuwahi kupita kilomita 40 juu ya baiskeli. Baiskeli tatu zilikuwa za mbio, za mitumba, zenye tairi nyembamba za milimita 25. Mbili zilikuwa za milimani. Ya Mzee ilikuwa ya chuma, nzito, yenye kerea nyuma.

Anayeendesha baiskeli Moshi ana pande mbili za kuchagua. Upande wa juu kuna Kibosho, Machame na Marangu: lami, migomba, kivuli, na vilima vinavyokata pumzi. Upande wa chini kuna tambarare ya TPC, shamba kubwa la sukari, miwa kulia na kushoto. Kikundi kilikuwa kimezichoka njia zote hizo na kikatamani ziwa. Chala ni zuri, lakini limezama ndani ya kreta. Unalitazama kutoka ukingoni, huwezi kupita na baiskeli kando ya maji yake. Jipe limezingirwa na matete sehemu kubwa. Wakachagua Bwawa la Nyumba ya Mungu.

Bwawa hili lilijengwa miaka ya 1960 kwenye mto Pangani, pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana, na linagusa wilaya za Mwanga, Moshi na Simanjiro. Chini ya ukuta wake kuna kituo cha umeme cha megawati 8. Watu wa ufukweni wanaishi kwa perege na kambale. Kwa mwendesha baiskeli, jambo moja kati ya haya ni kubwa kuliko mengine: hili ni ghala la maji. Hupanda mvua zikinyesha, hushuka wakati wa kiangazi. Ukingo unaouona kwenye ramani ya simu unaweza kuwa mbali sana na ukingo utakaoukuta Februari, mwezi waliosafiri. Hakuna aliyelifikiria hilo kabla ya kuondoka.

Njia yenyewe ilikuwa Moshi, Uchira, Njia Panda ya Himo, kisha barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam mpaka Kifaru, halafu kuiacha lami na kushuka kwenye barabara ya vumbi hadi kijiji cha wavuvi. Ramani iliwapa kama kilomita 65 za kwenda. Kiongozi alizidisha mara mbili, akapata 130, akasema, "Tumewahi kwenda 110, hizi zitatushinda nini?"

Siku ilivyokwenda

Mpango ulikuwa kuondoka saa 11:30 alfajiri, kufika saa 3:30, kugeuza saa 5 na kuwa nyumbani saa 10 jioni. Waliondoka saa 1:10. Mgeni alichelewa kupata bodaboda ya kumleta na baiskeli yake, kisha Fundi akagundua breki zake za nyuma hazishiki. Ilikuwa sahihi kabisa kuzirekebisha. Kosa ni kwamba saa moja na dakika 40 zilipotea mwanzoni na hazikuondolewa popote katika mpango.

Hadi Njia Panda walikwenda vizuri. Wakanywa chai na chapati kwa nusu saa. Kutoka hapo malori na mabasi yakawabana. Lami ni nzuri lakini ukanda wa pembeni ni mwembamba, na Mwanafunzi alishushwa kwenye changarawe mara mbili na upepo wa basi lililompita karibu. Walipovuka Ruvu, mto unaoleta maji ya Jipe bwawani, waliona kama tayari wamefika. Saa 4:05 wakaiacha lami. Kwenye duka la mwisho, njia panda ya Kifaru, Mzee alinunua chupa mbili kubwa za maji akazifunga kwenye kerea. Wengine hawakununua. Kila mmoja alikuwa na chupa mbili ndogo, jumla lita moja na nusu, na Kiongozi alisema kijijini maji yapo.

Wote sita wananiambia saa moja na nusu iliyofuata ilikuwa nzuri kuliko safari zao zote. Migunga, mbuzi, punda waliobeba madumu, milima ya Upare nyuma ya bega la kushoto, na hakuna gari. Walisikia minyororo yao wenyewe ikizunguka. Nawaamini, kwa sababu nami nimepita upande huo na nimeusikia ukimya wake.

Pancha ya kwanza ilitokea saa 4:40, ya pili saa 5:15, zote kwenye baiskeli za mbio. Walifika kijijini saa 5:50. Hapo palikuwa na chai, soda chache za moto na perege wabichi. Maji ya chupa hayakuwepo. Waliagiza samaki wa kukaanga, na samaki akikaangwa kwa kuni kwa ajili ya watu sita hawaivi haraka. Waliondoka saa 7:15 mchana, jua likiwa utosini, wakati kwa mpango wao walipaswa kuwa tayari wamerudi kwenye lami.

Ndipo kijana mmoja alipowaambia kuna njia ya kando ya maji inayotokea mbele, karibu na lami, fupi kuliko waliyojia. Kiongozi aliuliza, "Ni mbali?" Kijana akajibu, "Hapana, karibu tu." Wakaifuata.

Njia ile ilipita juu ya ardhi ambayo miezi michache nyuma ilikuwa chini ya maji. Bwawa lilikuwa limerudi nyuma, na ng'ombe walikuwa wakilishwa pale. Ardhi iliyokanyagwa na mifugo kiangazi ni makazi ya mbigiri, ule mmea unaotambaa wenye tunda dogo gumu la miiba. Tunda likianguka, mwiba mmoja husimama juu daima. Ndani ya dakika 50 walipata pancha saba. Fundi alikuwa na tyubu nne za akiba, lakini mbili zilikuwa za mdomo mnene usioingia kwenye rimu za baiskeli za mbio. Solusheni yake ilikuwa imefunguliwa msimu uliopita na ilikuwa imekauka ndani ya kopo. Na ili kutafuta matundu, alimwagia tyubu maji kutoka kwenye chupa za wenzake, kidogo kidogo, mpaka karibu nusu lita ikaisha. Mgeni ndiye aliyetoa nyingi. Aliona aibu kuwa mzigo kwa wengine, akataka kusaidia.

Saa 8:20 Kiongozi alichukua baiskeli ya milimani iliyokuwa bado na upepo, akasema anakwenda kutafuta mtandao wa simu ili aite gari. Akaondoka peke yake. Hakusema atarudi saa ngapi wala nani abaki kuamua.

Saa 8:45 Mgeni aliketi chini ya mgunga akasema kichwa kinamgonga. Ngozi yake ilikuwa imesimama vinyweleo kama mtu anayesikia baridi, jasho likimtoka. Akatapika chai. Nesi akaanza kumuuliza maswali mepesi: leo siku gani, tumetoka wapi, mama yako anaitwa nani. Alijibu yote sawasawa. Nesi aliniambia, "Angekosea jibu moja tu, nisingengoja gari la mtu yeyote. Ningesimama katikati ya njia nipige kelele."

Mzee alirudi kijijini kwa miguu akiikokota baiskeli yake, yenye pancha ya mbele. Aliwakuta wazee chini ya banda la nyavu, akaamkia, akaketi, akaeleza. Mmoja wao, aliyemzidi umri, alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mliuliza njia. Hamkuuliza baiskeli. Sisi huko hatupiti na baiskeli kiangazi." Akamtuma mjukuu wake na dumu la maji ya kisima, na akamwambia Mzee kuna pikapu ya samaki inayoondoka jioni kwenda lami.

Bodaboda ilitokea kabla ya pikapu. Mwanafunzi alitaka Mgeni apakiwe hiyo, awahi. Nesi alikataa: mtu mwenye kizunguzungu nyuma ya pikipiki kwenye barabara ya vumbi anaweza kuanguka, na ukianguka ugonjwa unakuwa mwingine. Walimweka kivulini, wakalowanisha kanga kwa maji ya kisima na kumpepea, wakamnywesha maji yenye chumvi na sukari ya pakiti ya kuharisha ambayo Nesi hubeba siku zote, pakiti moja kwenye lita moja, kidogo kidogo. Maji ya bwawani hawakuyatumia. Maji yaliyotuama huweza kuwa na kichocho, na wavuvi wenyewe waliwaambia kuhusu mamba.

Pikapu ilifika saa 10:30. Mgeni na Nesi walikaa mbele, wengine nyuma juu ya matenga ya samaki na baiskeli tano. Saa 11:40 walifika njia panda ya Kifaru wakamkuta Kiongozi. Alipata mtandao saa 9:30, alipiga simu kila mahali, alimpata dereva Himo, kisha dereva akakataa kushuka kwenye vumbi. Tangu hapo alikuwa anawangoja bila kujua kama wako hai. Costa moja iliwapakia wote, baiskeli juu ya paa. Waliingia Moshi saa 1:45 usiku.

Matokeo

Mgeni aliumwa kichwa siku mbili, akapona bila kulazwa. Rimu moja ilipinda. Waligawana gharama za pikapu na Costa. Mwanafunzi aliondoka kwenye kikundi cha simu usiku uleule na akarudi baada ya wiki. Kiongozi alitaka kuacha uongozi, nitalirudia hilo.

Uamuzi mmoja mmoja

Kikundi kilipoanza kusimulia, kila mtu alisema tatizo lilikuwa mbigiri. Sikubaliani nao. Mbigiri iliwakuta watu ambao tayari walikuwa wamechelewa zaidi ya saa mbili, wana maji ya kugawana na hawana saa ya kugeuza isiyosogezwa. Mtu mwenye maji na muda, akikutana na mbigiri, hukaa chini akaziba pancha zake.

Saa ya kugeuza ndiyo ninayoiona kubwa kuliko yote. Mpango wao ulitaja kugeuza saa 5, lakini ulifungwa na mahali pa kufika tu, haukuwa na saa ya kurudi inayosimama yenyewe. Walipochelewa kuondoka walisogeza kila kitu mbele, na joto halikusogea pamoja nao. Umbali wa kwenda na wa kurudi ni uleule kwenye ramani, lakini mguuni si uleule. Bwawa liko chini ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, Moshi mjini iko juu ya 800, na Himo njiani haijashuka. Asubuhi walikuwa wanashuka kwenye ubaridi. Kurudi kungekuwa kupanda, mchana, na Februari upepo wa kaskazi ungeweza kuwapiga usoni sehemu ya njia. Kwa hiyo zile 65 za kurudi zilikuwa safari nyingine kabisa, ngumu kuliko ya kwanza, na ndiyo iliyopaswa kupangwa kwanza. Niliwauliza: saa 2:35 mlipofika Njia Panda, mkijua mmechelewa, mngeambiwa bwawa halifikiki tena leo, mngefanya nini? Nesi alijibu tungekunywa chai tukapanda Marangu. Ilikuwa siku nzuri tu, ikiwa imelazwa chini ya siku mbaya.

Kuhusu maji tulifanya hesabu mezani. Mtu anayeendesha baiskeli kwenye joto kali anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, wengine zaidi. Kutoka duka la mwisho, saa 4:05, mpaka dumu la kisima lililotumwa kutoka kijijini, zilipita zaidi ya saa tano. Lita moja na nusu, soda moja na kikombe cha chai. Toa na ile waliyomwagia tyubu. Hata kwa kuhesabu kwamba waliketi kijijini karibu saa moja na nusu, maji hayakutosha na yasingetosha. Kiongozi alidhani, kwa kuwa ni kijiji, kuna duka, na kwa kuwa kuna duka, kuna maji. Lakini watu wa pale wana kisima chao. Hawana sababu ya kuuza maji ya chupa kwa wageni wasiokuja. Mzee alinunua kwa sababu, alivyosema, alipita pande zile zamani akipeleka mahindi, na alikuwa na kiu siku hiyo pia. Na yeye analo kosa lake, naye analikubali: alinunua akanyamaza. Aliona vijana wana baiskeli nzuri na ramani kwenye simu, akajizuia asionekane mzee anayetisha watu. Mimi huwaambia viongozi wamuulize mtu mkubwa wa kikundi kwa jina, hadharani, kabla ya kuiacha lami: "Mzee, unaona nini?" Akiulizwa atasema. Asipoulizwa, heshima inaweza kumfunga mdomo.

Fundi alijilaumu sana kwa solusheni. Kopo jipya lingewasaidia, ndiyo, na tyubu zenye mdomo wa kila baiskeli iliyopo. Lakini pancha saba kwa tairi za milimita 25 kwenye mbigiri zisingekoma kwa solusheni. Kosa lilitangulia: baiskeli tatu za lami zilipelekwa kwenye vumbi bila mtu kuuliza kama zinafaa, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwepo. Tairi pana hazizuii kila mwiba, ila hupita kwa upepo mdogo, hazigongi rimu kwenye mawe, na zinampa mtu nafasi ya kuchagua pa kukanyaga.

Sasa lile la "karibu tu." Nimelisikia mara nyingi na sijawahi kumlaumu anayelisema. Kijana alijibu alichoulizwa. Anapita pale kwa miguu nyuma ya ng'ombe, na kwake ni karibu. Ukimuuliza mtu "ni mbali?" unamwomba akutie moyo, na kwa ungwana wake atakutia moyo. Maswali yanayofaa ni mengine. Mara ya mwisho ulipita lini? Ulipita kwa kitu gani, miguu au pikipiki? Mtu wa hapa mwenye baiskeli akitoka sasa hivi anafika lami saa ngapi? Na lile la yule babu: je, baiskeli hupita huko? Uliza watu wawili, na mmoja awe mtu mzima aliyeketi. Kikundi kilikuwa kijijini saa nzima na dakika zake kikingoja samaki, wazee wako hatua chache chini ya banda la nyavu, na hakuna aliyekwenda kuwaamkia mpaka mambo yalipoharibika. Nililiona hilo linawaumiza Wachaga na Wapare waliokuwa mezani kuliko kosa jingine lolote, kwa sababu walijua.

Kuondoka kwa Kiongozi. Nalieleza kwa uangalifu kwa kuwa nampenda kijana huyu na najua alitaka kuokoa. Aliona watu wake wamekwama, hakuna mtandao, akafanya kitu. Lakini alipoondoka aliondoka na baiskeli nzima, na aliondoka na mamlaka pia. Dakika 25 baadaye Mgeni akaugua, na watu wanne wakaanza kubishana: arudishwe kijijini, apakiwe boda, asubiriwe Kiongozi. Waliokoka kwa sababu Nesi alichukua usukani bila kupewa na Mzee akamkubali. Laiti angesema maneno mawili, "Nesi ataamua. Saa 10 nisiporudi, rudini kijijini," mateso yake mwenyewe kule njia panda yangepungua pia, maana angejua wanafanya nini. Ikibidi mtu aende, waende wawili, na awe mtu mwingine. Kiongozi abaki na walio dhaifu.

Alipotaka kujiuzulu nilimwomba asubiri. Kiongozi aliyepita hapo na akakaa jioni mbili akihesabiwa makosa yake bila kununa ni salama kuliko kumweka mahali pake mtu ambaye hajakosea bado.

Yaliyofaa

Maswali ya Nesi. Yalimwonyesha, bila kipimo, kwamba joto lilikuwa limemchosha Mgeni lakini halijafika kwenye ubongo. Kuchanganyikiwa, kuropoka au kuzimia kungekuwa dharura ya kufa na kupona, na hapo mtu hupozwa kwa maji kadiri inavyowezekana papo hapo huku gari likitafutwa kwa nguvu zote. Kukataa bodaboda pia kulikuwa uamuzi mgumu, maana gari lolote linapotokea moyo unataka kulikimbilia.

Salamu ya Mzee. Alikuwa na haraka kuliko mtu yeyote, akaamkia kwanza, akaketi. Dumu, mjukuu na habari ya pikapu vyote vilitoka hapo.

Safari ya pili

Julai walikwenda tena, sita walewale. Sikuwashauri warudi wala wasirudi. Mgeni ndiye aliyeomba, tena alisema hataki kumbukumbu yake ya bwawa iwe lile tapiko chini ya mgunga.

Safari hii walipanda Costa alfajiri mpaka Kifaru, baiskeli juu, wakakwepa malori. Baiskeli za mbio zilibaki nyumbani; waliazima za tairi pana. Kila mmoja alibeba lita tatu, na siku mbili kabla Mzee alimpigia simu yule babu, ambaye sasa wanamwita Babu wa Bwawani, akawawekea madumu mawili kwake. Saa ya kugeuza ilikuwa 4:30 asubuhi, popote watakapokuwa. Walifika saa 3:05. Waliamkia wazee kwanza, wakanywa uji, wakanunua perege wakawapeleka nyumbani wakiwa wamekaushwa, hawakusubiri wa kukaanga. Pancha zilikuwa mbili tu, Fundi akaziba zote kwa kopo jipya. Saa 6:15 walikuwa kwenye lami.

Kilichobaki bila jibu ni kipande cha Njia Panda hadi Kifaru kwa baiskeli. Mwanafunzi hataki tena kukipita, na simlaumu. Kuipakia baiskeli kwenye Costa ni kukikwepa, na siku Costa zikijaa mtakuwa wapi? Mzee anapendekeza kupitia chini, Chekereni na Kahe, katikati ya mashamba ya mpunga na kando ya reli, ambako malori hayapiti. Udongo wa huko hunata mvua ikinyesha, kwa hiyo haiwezekani masika. Wamekubaliana Mzee na Fundi waipite wenyewe kwanza wakati wa kiangazi, wawili tu, wakiandika kila kisima, kila fundi na kila mahali simu inaposhika, kabla ya kumpeleka mtu mwingine.